Mayai ya Mama Kulwa na Injini ya Nyarugusu

Mwenzangu uliyeoa, au uliyeolewa, au unayeishi na ndugu wa mwenzi wako, hebu sogea nikunong'oneze, maana najua wewe hutanicheka sana. Nyumbani kwangu, Malunga, hapa Kahama, madaraka yamepangwa na hakuna aliyewahi kuyaandika. Juu kabisa yuko mama mkwe, ambaye asipokuwepo tunamwita Mkaguzi Mkuu. Anayemfuatia ni mke wangu, Mama Kulwa, anayeamua nani aseme, aseme nini, na anyamaze saa ngapi. Huyo kwa siri ni Mheshimiwa Spika. Baada ya hao wanakuja kuku. Baada ya kuku ni mapacha, Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija, ambaye hajaanza shule ila ana maswali ya kutosha kuahirisha kikao chochote. Shemeji yangu hupanda na kushuka kulingana na hali ya mfuko wake. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nafasi yangu ni chini kidogo ya jogoo.

Kuku hawakufika hapo bure. Mama Kulwa alianza na mitetea michache ya kienyeji, akahamia kwenye mashine ya kutotolesha: sanduku la mbao lililotengenezwa na seremala wa hapa mjini, lenye balbu, feni ndogo, beseni la maji la kutia unyevu na kidude cha kupima joto. Sanduku likawekwa kwenye chumba nilichokuwa nasahihishia madaftari. Sasa nasahihishia kitandani, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanarudishiwa kazi zenye harufu ya mafuta ya nazi.

Ndani ya sanduku joto linatakiwa lisimame kwenye nyuzi 37.5, usiku na mchana, kwa siku 21. Mayai yanageuzwa mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, kisha hayaguswi tena, kifaranga anajipanga kutoka. Siku hizo tatu za mwisho nyumba yetu ina sheria zake. Mlango haubamizwi. Redio haifunguliwi, ingawa sijawahi kuona kitabu kinachosema kifaranga anachukia taarifa ya habari. Nikikohoa usiku naulizwa kwa nini sikukohoa mchana.

Na umeme ukikatika ndipo tunapoenda uani, kwa injini.

Injini aliileta shemeji. Huyu ni mdogo wake Mama Kulwa, watoto wanamwita Mjomba Duara kwa sababu hana hadithi isiyoanzia duarani, yaani shimoni kwa wachimbaji wa dhahabu. Amechimba Mgusu, amechimba Rwamagasa, amechimba Nyarugusu, na kote huko Geita alikochimba alikaribia. Mwamba wake huwa unaonyesha dalili, dalili zinaongezeka, wenzake wanaanza kuota nyumba za bati la rangi, kisha maji yanajaa au matimba yanaoza au mwenye leseni anabadilisha mawazo. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, la kwanza nchini, alinunua pochi yenye zipu, maana sasa mtu angeuza dhahabu yake hadharani, kwa mizani, na kupewa karatasi. Pochi ile anayo. Zipu yake bado mpya kabisa.

Kundi lake la Nyarugusu lilipovunjika, wenzake hawakuwa na cha kumlipa. Umeme ulikuwa umefika kijijini, karasha la kusagia mawe likawa linazungushwa na mota, na ile injini ya dizeli iliyokuwa ikilizungusha miaka yote imeegeshwa pembeni, kuku wa mama ntilie wanalala juu yake. Wakampa hiyo. Ilishushwa kwetu kutoka kwenye Fuso kwa mbao mbili, kelele nyingi na ushauri wa wapita njia. Mama Kulwa alitoka na mwiko mkononi akauliza ni ya nini. Shemeji, ambaye kwa haraka ya akili simpunguzii hata maksi moja, akasema: "Dada, hii ni ya vifaranga."

Ni injini ya Kichina, aina ya S195. Pistoni moja iliyolala, nguvu ya farasi 12, tangi la maji lililo wazi juu linalotoa mvuke ikiwa kazini, na gurudumu zito pembeni linaloweza kukuvunja mkono usipoheshimu hendeli. Kanda yote hii inaijua. Imevuta maji kwenye maduara, imesaga mawe, imesaga mahindi, imekoboa mpunga, na misibani imewasha taa na spika. Haina betri wala ufunguo. Inawashwa kwa hendeli na kwa imani. Tukaijengea kibanda cha bati uani, tukaifunga kwa mkanda kwenye dainamo, na nguvu ya farasi 12 ikaanza kutumikia balbu nne na feni.

Sasa nikueleze habari za Mkaguzi Mkuu, na hapa nitashusha sauti. Alikuja kutoka Kishapu kuwaona wajukuu. Wajukuu ameshawaona. Kuhusu kurudi, hilo ni jambo ambalo mimi siwezi kuliuliza, Mama Kulwa hataki kuliuliza, na Shija alipoliuliza alipewa karanga akanyamaza.

Baba yake alifanya kazi Mwadui enzi za Williamson, yule Mkanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940, na kwa masimulizi ya mama, mzee alipekuliwa kila jioni kabla ya kutoka getini, hadi kwenye visigino. Mtoto akakua akijua kwamba hakuna kitu kidogo kisichohesabiwa. Mwaka 1947 ilitoka pale almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akamzawadia Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6. Watu wengine wa Shinyanga wanaisimulia hadithi hiyo kwa fahari. Mama mkwe anauliza zile karati 30.9 alikabidhiwa nani, na kwa karatasi gani.

Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, sukari inapimwa kwa macho asubuhi na jioni. Vijiti vya kiberiti vina idadi. Mwaka jana alinirudishia sabuni ya kipande akaniambia, kupitia kwa Doto, kwamba ile niliyoifungua juzi bado ina siku mbili. Lakini hazina yake kubwa ni mifuko ya rambo. Serikali ilipoipiga marufuku kuanzia 1 Juni 2019, sisi wengine tuliisalimisha. Yeye alikusanya ya kwake na ya majirani, akaiosha, akaianika, akaikunja pembe tatu, ikaingia chini ya godoro. Haitoki nje ya geti. Kila mmoja una kazi yake inayosubiriwa, na kazi hiyo anaijua yeye.

Ndani ya nyumba yetu hakuna kitu chenye mdomo kilichokaa wazi. Mtungi umefungwa, dumu limefungwa, chupa ya chai ina kitambaa shingoni. Barabara ya mbele yetu ni ya vumbi, na kiangazi cha Kahama hakijui kubisha hodi. Basi na tangi la dizeli nalo likapata staha yake: alilichagulia rambo jeusi, zito, la zamani, akalivika juu ya kifuniko na kulikaza kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kazi safi. Nadhani hakuna tangi lililotoka Nyarugusu likaheshimiwa namna ile.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia gizani. Kwa mila za kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hampeani mikono, hampishani mlangoni bega kwa bega, hamkai mkeka mmoja. Akiwa upande huu wa injini, mimi nipo upande ule, na macho yangu yako kwenye ekzosi. Kumwuliza, "Mama, unafanya nini hapo?" ni kesi ya ukoo, na mimi ndiye ningelipa.

Usiku wenyewe mayai yalikuwa katika zile siku za mwisho. Saa mbili na nusu, giza. Kulwa akatumwa kuangalia LUKU, Doto akatumwa kuangalia kwa jirani, wakarudi na jibu moja: ni mtaa mzima. Mama Kulwa akaniita, "Baba Kulwa," kwa sauti ile ambayo wewe mwenzangu unaifahamu, sauti isiyo na swali ndani yake.

Mjomba Duara alikuwa ameshafika uani na tochi yake ya kichwani. Akafungua mpira, akavua rambo, akafungua kifuniko, akachungulia: dizeli ipo, nusu tangi. Akainua kile kikono cha juu kinachoachia pumzi ya pistoni, akapiga hendeli, gurudumu likashika kasi, akaachia kikono. Pa! Pa-pa-pa-pa. Moshi, balbu, vigelegele vya watoto. Mkaguzi Mkuu akasogea taratibu, nami nikahamia upande wa pili, akarudisha kifuniko, akavika rambo, akakaza mpira. "Vumbi," akasema, akarudi kwenye mkeka wake.

Chai niliyomiminiwa haijapoa, sauti ikaanza kushuka. Paa... pa... paa. Balbu zikawa nyekundu, zikafifia. Kimya.

"Ina njaa," akasema shemeji. "Nusu tangi kwa injini hii ni dharau." Akavua rambo, akafungua kifuniko, akamimina dizeli kutoka kwenye galoni mpaka ikafika shingoni. Hendeli. Ikawaka, na safari hii kwa sauti nzuri zaidi. Mkaguzi akapita na rambo lake. Injini ikazima, tena mapema kuliko mara ya kwanza. Shemeji akakuna kichwa, akatangaza kuwa imevimbiwa. Ugonjwa huo aliwahi kuuona Rwamagasa.

Mimi kimya changu kina kikomo. Nilisema injini imekula upepo, yaani hewa imeingia kwenye bomba la dizeli, na pampu haiwezi kusukuma hewa ikafika kwenye nozo kwa nguvu inayotakiwa. Nikaomba spana namba 17. Na kwa kuwa watoto walikuwa wameshika tochi na hawana pa kukimbilia, nikawafundisha. Injini ya dizeli haina plagi. Inaivuta hewa, inaibana mpaka inachemka, kisha dizeli inapulizwa humo na kuwaka yenyewe. Aliyeivumbua alikuwa Mjerumani, Rudolf Diesel, na injini yake ilifanya kazi sawasawa mjini Augsburg mwaka 1897. Halafu mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, usiku akaingia chumbani kwake, na asubuhi hakuonekana. Mwili ukaja kuokotwa baharini.

"Kwa nini?" akauliza Shija.

"Haijulikani."

Mama Kulwa, aliyekuwa akipita na blanketi, akauliza kama marehemu alikuwa na mama mkwe. Aliuliza taratibu sana, maana mama mwenyewe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akichambua choroko kwa mwanga wa simu.

Nililegeza nati ya bomba. Hakikutoka kitu, hata tone. Shemeji akavua rambo na kufungua kifuniko ahakikishe hatujaibiwa dizeli, na palepale kwenye nati yakaanza kutoka mapovu, kisha dizeli safi, mkondo mmoja. Nikakaza. Nilimtazama shemeji kwa jicho la mtu aliyesoma. Hendeli, pa-pa-pa-pa, balbu zikawaka. Nilikuwa bado nafuta mikono, nikitafuta maneno ya unyenyekevu, Mkaguzi Mkuu akapita na rambo. Unajua kilichofuata.

Huku ndani hali ilikuwa mbaya zaidi. Spika alikuwa amelivalisha sanduku mablanketi yote, la kwangu likiwa la kwanza, na amezungusha chupa za maji ya moto pembeni. Kifaranga aliyekaribia kutoka ana joto lake kidogo, anaweza kuvumilia baridi kwa saa kadhaa, na Mama Kulwa anajua hilo kuliko mimi. Ila hakuwa na haja ya kuliambia dunia. Alikuwa na haja ya kuniona nikijisikia vibaya, na nilijisikia.

Akaitwa jirani. Huyu ana mashine ya kukoboa mpunga, na sisi tunamwita Mzee Filta kwa sababu kwake kila balaa duniani limetokana na filta chafu. Mwanawe alipofeli kidato cha nne alisema ni filta, na hadi leo sijajua alimaanisha nini. Alikuja na petroli kwenye kopo na mswaki wa zamani. "Mwalimu, nyie watu wa vitabu mnaacha filta inakufa." Akavua rambo, akachungulia tangi, akafungua filta, akaisugua kwa mapenzi, akairudisha. Tukatoa upepo. Ikawaka. Akakataa chai, akakataa kiti, akasema yeye hataki malipo ila anataka tukumbuke. Hajafika getini kwake, ikazima. Alirudi anatembea polepole mno.

Yule fundi tuliyempigia simu alitaja nozo, akataja bei, akataja kesho kutwa. Tuyaache hayo.

Ikawa kila mtu ana dawa yake, na kila dawa inaponya kwa dakika chache. Shemeji alipiga kichwa cha injini kwa gongo, ikawaka. Doto akaiimbia wimbo wa shule, ikawaka. Mimi nililegeza na kukaza nati ileile mara nyingi kiasi kwamba ilianza kunifahamu. Kila mganga kabla ya kutibu alifungua tangi na kuchungulia, maana dizeli ina bei na hakuna anayeamini macho ya mwenzake. Na kila mgonjwa alipoamka, mama akapita kumfunika.

Mnamo saa tisa usiku Mkaguzi Mkuu akaingia ndani, akatazama sanduku lililovimba kwa mablanketi, akatikisa kichwa. Pale kwenye banda kulikuwa na matetea yake mawili aliyokuja nayo kutoka Kishapu, yanaatamia mayai yao bila dizeli na bila mwalimu. Akamwomba Mama Kulwa sehemu ya mayai. Akayabeba kwenye kanga, akaenda bandani, akainama kumsukumia kila kuku mgawo wake chini ya mbawa, polepole, gizani, huku akizungumza nao. Kazi ya namna hiyo haina haraka.

Nyuma huko, shemeji alikuwa ametoka kupiga gongo lake, na injini inanguruma. Ikanguruma. Ikaendelea kunguruma. Nikamaliza chai yote. Joto ndani ya sanduku likaanza kupanda, na uani vikao vikafunguliwa. Shemeji akasema ni lile gongo, pigo la mwisho lilikuwa na kitu ndani yake. Mzee Filta, aliyekuwa amelala kwenye kiti, akaamka kusema filta huchukua muda kukubali. Mimi nikataja nati. Tulikuwa tunabishana vizuri kabisa, kwa upendo, kila mmoja na ushindi wake, ndipo mama akarudi kutoka bandani akifuta mikono. Akaliona tangi limekaa mdomo wazi mbele ya wanaume watatu. Akaguna. Akarudisha kifuniko, akavika rambo, akakaza mpira, akaenda kulala.

Paa... pa... paa.

Katika ule ukimya Mama Kulwa alitoka mlangoni. Hakusema neno. Alimtazama mama yake akiingia chumbani, akalitazama tangi, akanitazama mimi, na ule mtazamo nilishauona siku ya harusi yetu, mpambe wangu alipopoteza pete. Akaenda kwenye injini, akashika mpira wa tyubu, akauvuta. Tukasikia wote: fyuuu. Hewa ikiingia tangini kwa haraka.

"Mimi nauza mafuta ya alizeti," akasema. "Dumu la lita ishirini ukilitoboa tundu moja linamwaga kidogo, halafu linagoma. Unatoboa la pili juu, liingize hewa, ndipo litoe mafuta. Hiki kifuniko kina tundu la kupumulia. Mama amelifunga."

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa wazi mno. Dizeli inashuka kwa uzito wake. Ikishuka, nafasi inabaki juu. Nafasi isipopata hewa inavuta dizeli isiteremke, na pampu inabaki inaramba bomba tupu. Ndiyo maana tulipojaza tangi hadi shingoni ilizima upesi zaidi: hewa ya kutanuka ilikuwa ndogo. Kulwa, ambaye ni mtoto mwenye huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huu si ndio ule mgandamizo wa hewa niliowafundisha wakubwa. Nikamwambia ashike tochi vizuri.

Sasa, mwenzangu, unadhani tatizo limekwisha. Kujua kilichozima injini ni jambo dogo. Kazi ilikuwa kumwambia mama. Tukikaa tukaliacha tangi wazi, alfajiri ataamka kuswaki na atalifunga. Tukilificha rambo, litatafutwa, na kwa jinsi hesabu zake zilivyo litakuwa limepotea mikononi mwa mtu. Shemeji alikumbuka ghafla kwamba ana safari ya Geita. Mzee Filta akasema masuala ya ndani ya familia yeye hayaingilii, akaondoka na kopo lake. Mimi mila zinanilinda na pia zinanifunga mdomo. Kwa usiku ule nilizishukuru.

Spika akasema tusimwambie chochote kuhusu injini. Akawasha, ama kwa usahihi akaamuru iwashwe, ikanguruma mpaka jogoo wakawika. Mama alipotoka, mswaki mdomoni, na mkono umeshaelekea kwenye tangi, Mama Kulwa alikuwa amekaa karibu anapepeta mchele.

"Mwangaluka, mama." Wakasalimiana, wakaulizana usiku, wakamaliza. "Mama, huo mfuko ni mzuri mno kuuweka kwenye mafuta. Dizeli inautafuna. Angalia hapo kwenye pembe."

Mkaguzi Mkuu akalisogeza rambo puani. Akalinyoosha kwenye mwanga. Kweli, pembeni plastiki ilikuwa imelegea na kujikunja, na harufu yake haikuwa ya kuoshwa ikatoka. Uso wake ukabadilika pole pole, na nilijua kabla hajageuka kwamba suala la tangi limefutwa kwenye kumbukumbu na limefunguliwa jingine.

Umeme ulirudi mnamo saa mbili asubuhi. Watoto walipiga kelele ile ya siku zote, mtaa mzima ukapiga, lakini uani kwetu hakuna aliyenyoosha mkono kuizima injini. Tulikuwa tunaiogopa. Iliendelea kunguruma kwenye jua, inakula dizeli ya shemeji, ambayo imekopwa kwa jina langu, mpaka Mama Kulwa akatoka na kusukuma kile kikono cha kuzimia kwa kidole kimoja.

Vifaranga walitoka. Wa kwenye sanduku si wote. Wa chini ya yale matetea ya Kishapu walitoka karibu wote, na hilo limeingia kwenye taarifa ya ukaguzi bila maoni yoyote, maana takwimu zinajisemea. Mzee Filta anawaambia watu kwenye mashine yake ya mpunga kwamba alituokoa. Shemeji anasema akipata mtaji atarudi Nyarugusu, kuna duara limeonyesha dalili.

Mimi nimebaki na hoja. Nililetewa na Doto, kwa mdomo, kwa mpangilio: rambo moja, jeusi, la kabla ya marufuku, lilitolewa likiwa zima, limeharibiwa na dizeli likiwa kwenye mali ya Baba Kulwa. Baba Kulwa alipe, kwa rambo la aina ileile. Nimeuliza sokoni kwa kunong'ona, mwenye duka akanitazama kisha akatazama mlango. Mtu anayekutwa na mfuko huo faini yake inaanzia shilingi 30,000. Nimejaribu kumpelekea mbadala, ule wa kitambaa chepesi unaouzwa siku hizi. Ulirudishwa na Doto huyohuyo, umekunjwa pembe tatu, na ujumbe kwamba huo hauzuii vumbi. Jibu la hoja linatakiwa kabla mama hajarudi Kishapu, na siku ya kurudi Kishapu hajaitaja.